Korbani na Miti ya Karafuu

Jumapili moja ya Mavuno, mwalimu mstaafu wa usharika wetu alinifuata ofisini akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa wosia wake. Alitaka niusome kabla hajaupeleka RITA kuhifadhiwa. Shule ya msingi aliyosoma, kule Kinole milimani Uluguru, aliiachia mavuno ya mikarafuu kumi na miwili, ili watoto wapate uji wa asubuhi.

"Mchungaji, mimi nilisoma pale na njaa, mwalimu wangu akanilisha. Nife na deni?"

Nilifurahi kupita kiasi. Sisi wachungaji tukisikia mtu anatoa, shukrani hutangulia, maswali hufuata. Nikamkumbusha Mfalme Daudi katika 1 Nyakati 22. Mungu alimkatalia kujenga hekalu, naye hakukunja mikono. Aliweka tayari dhahabu, chuma na mierezi kwa ajili ya nyumba ambayo yeye asingeingia.

Kisha nikauliza kama watoto wake wanajua. Akanyamaza. Watajua, alisema, siku ya kusomwa.

Hapo Marko 7 ikanijia. Bwana Yesu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kisha wakaacha kuwatunza wazazi wao. Hakukemea sadaka. Alikemea sadaka inayomnyima mwenye haki yake. Mimi mwenyewe nilisoma Makumira kwa michango ya Wakristo ambao sura zao siwajui, kwa hiyo siwezi kusema deni la shule ni la kubuni. Lakini deni hulipwa na mdaiwa. Ukitoa ukiwa hai, mfuko unaopungua ni wako. Ukitoa kwa wosia, jina la mtoaji ni lako na anayepungukiwa ni mwingine. Je, hiyo bado ni sadaka yako? Nadhani inaweza kuwa, endapo atakayepungukiwa ameulizwa. (Wala tusidhani wosia mzuri utatupeleka mbinguni. Tumeokolewa kwa neema.)

Kwa Waluguru liko na jingine. Ardhi kwa desturi ni ya ukoo wa mama. Mtu aweza kupanda miti juu yake na bado wajomba wakawa na neno. Na mkarafuu hauzai kesho. Husubiriwa miaka sita au zaidi, ndipo uanze kuzaa, kisha huzaa kwa miongo mingi. Katika miaka yote hiyo kuna mtu anayepalilia.

Mzee akaenda akaita kikao. Binti yake, ambaye ndiye huchuma na kuanika kila msimu, alisema, "Baba, shule umeikumbuka. Na mikono yangu je?" Walizungumza siku mbili, wajomba wakiwepo. Miti kumi na miwili ikawa mitano, na mzee akakubali kuanza kutoa akiwa hai.

Msimu uliofuata karafuu za miti ile mitano ziliuzwa. Aliyepeleka fedha kwa kamati ya shule alikuwa yule binti.