Anayekatwa Kamisheni Ajue Nini

Machi 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliziagiza kampuni za teksi mtandao nchini Tanzania zisimkate dereva zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Mwezi uliofuata Uber ikasitisha huduma zake, ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya, kwa kanuni zake za 2022, ilichagua 18. Kazi ni ileile, lakini kila meza ilitoa namba yake. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha haki mkononi. Kulikuwa na mvutano, na aliyeweza kufungasha akaondoka ndiye aliyepata alichotaka. Dereva hakuwa na pa kwenda. Kwa maoni yangu, mjadala ule ulianzia katikati. Kabla ya kubishana kamisheni iwe kiasi gani, ilitupasa kuuliza anayekatwa anajua nini kuhusu biashara inayofanyika kwa jasho lake.

Katika Uislamu udalali wenyewe si dhambi. Mkusanyaji wa hadithi Bukhari, katika mlango wa ujira wa dalali, anawataja wanazuoni Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na al-Hasan kuwa hawakuona ubaya kuupokea. Kumkutanisha mwenye huduma na mteja ni kazi, na kampuni hizi zinaifanya: zinamtafutia abiria dereva aliye karibu, zinapokea malipo, zinatunza kumbukumbu ya safari. Lakini sheria hiyohiyo ya Kiislamu iliyomruhusu dalali ilikataza jambo jingine ambalo kwa nje halina kosa, nalo ni kwenda kuulaki msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni. Muuzaji hakulazimishwa. Pengine hata bei aliyopewa haikuwa mbaya. Bado Mtume (s.a.w.) alikataza, na katika riwaya ya Muslim, mkusanyaji mwingine wa hadithi, muuzaji akishafika sokoni ana hiari ya kuyavunja mauzo yale. Ubaya basi haukuwa katika kiasi cha faida; mmoja aliijua bei ya soko, mwenzake akawa gizani, na mwenye kujua akawahi kumfunga kabla hajajua.

Tazama mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam. Dalali ananadi kwa sauti, wanunuzi wanapandishiana, na mwenye samaki akiwapo anasikia bei ya mwisho. Dalali akikata chake, kila mtu anajua kimekatwa kutoka kiasi gani. Kwenye simu ya dereva mnada huo hausikiki. Marekani na Uingereza, mathalani, Uber imehamia mfumo ambapo nauli ya abiria hukokotolewa peke yake na malipo ya dereva peke yake, hivyo sehemu inayobaki kwa kampuni hubadilika safari hadi safari. Na hata pale kiwango kilipo wazi, asilimia ya nauli huficha mengi. Chukua safari ya shilingi 10,000 kwa kamisheni ya asilimia 25: zinatoka 2,500. Tuseme mafuta ni 3,500. Zimebaki 4,000, na hapo hesabu ya mwenye gari bado haijapelekwa. Robo ya nauli imeshakuwa zaidi ya theluthi ya kile kinachobaki ukiitoa gharama ya mafuta pekee, na hasara yote ya foleni na tairi iko upande mmoja.

Atasema mtu kwamba dereva aliridhia. Alibonyeza kukubali masharti, na Qur'ani yenyewe katika Surat an-Nisaa aya ya 29 imejenga biashara juu ya kuridhiana. Ni kweli, na hoja hii ni nzito. Lakini yule wa msafara naye aliridhia. Kuridhia kunakohesabika ni kwa mtu anayejua anachokiridhia na anayeweza kukataa bila kuangamia. Dereva anayehama kampuni anaziacha nyota zote alizopewa na abiria, anaanza upya kama mgeni, huku mkopo wa gari ukimsubiri mwisho wa mwezi.

Hoja ya pili inanipa kazi zaidi. Anas, sahaba wa Mtume, anasimulia kwamba watu walipolalamikia kupanda kwa bei, Mtume alikataa kuwapangia. Je, kikomo cha kamisheni si kupanga bei? Mwanazuoni Ibn Taymiyya, katika kitabu chake kuhusu hisba, yaani usimamizi wa soko na maadili ya umma, alitenganisha bei iliyopanda kwa uhaba wa bidhaa na bei inayoshikiliwa na watu ambao umma hauna budi kununua kwao. Hii ya pili aliiona inastahili kuingiliwa. Naikubali hukumu hiyo, na kwa hiyo sikipingi kikomo. Ila yaliyotokea Tanzania yanaonyesha kuwa namba peke yake haina meno, maana kampuni inaweza kuikimbia, au kuizunguka kwa tozo ya jina jingine. Ndipo tunarudi kwenye swali la kujua: Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2024 kuhusu kazi za mitandaoni, unazitaka kampuni zimweleze mfanyakazi jinsi mifumo ya kompyuta inavyomwamulia, na uamuzi wa kumfungia akaunti usiachiwe mashine peke yake. Kampuni zitadai hizo ni siri za biashara. Kanuni ya ndani ya programu inaweza kuwa siri. Kiasi alicholipa abiria kwa safari niliyoiendesha mimi hakiwezi kuwa siri kwangu. LATRA ingeweza kuanza hapo: kila safari ikiisha, stakabadhi moja iende kwa abiria na kwa dereva, yenye nauli yote, kilichokatwa, na kilichokatiwa nini.