Nani Ameliona Daftari?

Siku hizi wanafunzi wetu wa Bujumbura watafutapo nasaba zao huanzia kwenye intaneti. Wakipata ingizo moja la kanzidata, mara huandika: "Daftari la ubatizo lasema hivi." Je, ni daftari lililosema, ama ni mtu aliyelisoma akalinakili? Kwa maoni yetu swali hili ni la uaminifu kabla halijawa la utaratibu wa uandishi.

Waliosoma madrasa za Buyenzi wanaijua kanuni yake. Mpokezi wa Hadithi za Mtume hawaruki wapokezi walio mbele yake. Humtaja aliyemsimulia, na aliyemsimulia huyo. Kanzidata nayo ni mpokezi. Picha ya ukurasa i karibu zaidi na asili, ingawa nayo yaweza kuukata ukingo ulioandikwa sahihisho. Basi aliyeona ingizo na aseme ameona ingizo, katika hazina gani, siku gani. Aliyeona picha na ataje daftari, ukurasa, na mahali daftari lenyewe lihifadhiwapo.

Kwa desturi ya Kirundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja si lazima washiriki jina. Lakini kanzidata yataka "jina la ukoo". Basi jina la mtoto hutiwa humo, na msomaji wa mbali hudhani amepata ukoo mzima! Hata mji wetu, uliokuwa Usumbura hadi 1962, haufai kubadilishwa jina ndani ya nukuu.

Lililo zito zaidi ni la watoto wa mama Waafrika na baba Wazungu, ambao serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwatenga na mama zao katika Kongo, Rwanda na Burundi, ikawaweka kwa wamisionari, kama kule Save nchini Rwanda. Baadhi yao walibadilishiwa majina na tarehe za kuzaliwa. Waziri Mkuu Charles Michel aliwaomba radhi tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels, katika kesi ya wanawake watano waliozaliwa Kongo, iliamua kuwa kunyakuliwa kwao kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu.

Mtu kama huyo akikuta katika picha ya waraka tarehe yake iliyoghushiwa, afanyeje? Wako wasemao aisahihishe, maadamu ukweli anaujua. Sisi hatukubali. Na anukuu kama ilivyo, aitaje ofisi iliyoandika. Kisha kando aeleze aliyosimuliwa na jamaa zake, akiwataja. Akisahihisha kimyakimya, atakuwa ameufuta mkono uliomdhulumu, na wajukuu hawatakuwa na la kuonyesha.

Kwa walimu wenzetu, zoezi la kwanza laweza kuwa jepesi: kila mwanafunzi anakili cheti chake cha kuzaliwa, kisha aandike ni nani aliyempa karani habari zile.