Je, Wema wa Nia Watosha Kuwa Uadilifu?

Wengi hudhani kuwa mwenye kazi ya kusaidia wanyonge hawezi kudhulumu. Atadhulumu vipi na hali nia yake ni njema? Sisi twaiona dhana hii kuwa ni ya hatari, na mfano wake u wazi katika kazi ya ustawi wa jamii huko Marekani.

Afisa wa ustawi wa jamii huingia majumbani mwa watu, akayapima malezi yao, na neno lake laweza kumtoa mtoto mikononi mwa mamake. Basi huyo ni hakimu, ijapokuwa hakuvaa joho. Watoto wengi wa wenyeji wa asili wa nchi ile walitolewa makwao hivyo, hata ikatungwa sheria ya kuwalinda mwaka 1978. Na waliowatoa walijiona kuwa ni waokozi.

Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa kazi hiyo mjini San Francisco, maafisa weusi walitoka wakaunda chama chao. Walikuwa wameingizwa kazini, walakini hawakuingizwa katika shauri. Mwaka 2021 chama kikuu cha taifa kiliomba radhi kwa ubaguzi wa waliotangulia, wakiwamo walioandikisha watu weusi katika majaribio ya Tuskegee, ambako wagonjwa wa kaswende waliachwa bila ya dawa. Mwaka 2022 ikatolewa hesabu ya mtihani wa leseni ya juu: kwa miaka ya 2018 hata 2021, Wazungu waliofaulu mara ya kwanza walikuwa kama 84 katika kila 100, na weusi 45.

Huenda msemaji akasema: mtihani ni mmoja kwa wote, dhulma i wapi? Twamjibu: kanzu iliyokatwa kwa kimo cha mtu mmoja ni moja kwa wote, wala haiwakai wote. Hatusemi asiyejua apewe kazi. Twasema kuwa tofauti kubwa kiasi hiki yamlazimu mwenye mizani aikague kwanza mizani yake, tena mbele ya waliopimwa, kabla ya kuwalaumu.

Nasi wenye kamati za misaada mitaani mwetu, na tujiulize: katika hao tunaowasaidia, ni nani aketiye pamoja nasi tunapokata shauri lao? Ikiwa hapana hata mmoja, basi tumewapa chakula tukawanyima haki.