Mtihani wa Mlangoni

Siku Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoikubali Somalia kuwa mwanachama wa nane, Novemba 2023, nilikuwa Eastleigh, Nairobi, nikinywa chai na rafiki niliyesoma naye chuoni. Yeye ni mzaliwa wa Mogadishu. Nilimpa hongera, kisha nikasema jambo ambalo ningeweza kulimeza: kwamba nchi yake ingesubiri kwanza.

Niliona nina hoja. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka nchi inayoomba kujiunga izingatie utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Somalia iliomba mwaka 2012. Lakini uchaguzi wake wa mwisho wa kitaifa wa vyama vingi ambao wananchi walipiga kura moja kwa moja ulifanyika 1969, miezi michache kabla ya jeshi kutwaa madaraka. Rais wa wakati huo alichaguliwa na wabunge Mei 2022, nao wabunge walitokana na mpango uliotegemea wajumbe na wazee wa koo. Mwananchi wa kawaida alitazama tu.

Rafiki yangu hakubisha. Aliuliza, "Na nyinyi mlifanya mtihani huo lini?"

Nilikosa jibu. Kenya ni mwanzilishi wa Jumuiya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Mimi nilikuwa mtoto Nakuru. Tulilala kanisani siku nne, na mama alitukataza kusema lugha yetu mbele za watu. Mkataba una vifungu vya kumsimamisha mwanachama na hata kumfukuza. Kwetu sisi havikutumika.

Kwa hiyo tumwache mgeni aingie bila kuulizwa, maana nasi tuna madoa? Karibu niseme hivyo, kwa aibu. Rafiki yangu ndiye aliyenizuia.

"Mama yangu ana miaka sitini na hajawahi kupiga kura," alisema. "Ulizeni. Lakini ulizeni kwa ajili yake, si ili mjione wasafi."

Maneno hayo bado yananisumbua. Nilikuwa nimeitetea demokrasia kama mlinzi wa geti anayekagua mifuko ya wageni, huku wenye nyumba wakipita bila kuguswa. Sharti la namna hiyo linamfundisha mgeni kwamba demokrasia ni karatasi ya kuingilia. Akishapita, ana haki ya kuitupa, kama tulivyoitupa sisi. Na anayeumia si serikali. Ni mama wa rafiki yangu, na ni mama yangu kule kanisani.

Somalia ilipata uanachama kamili Machi 2024. Tangu hapo nimeanza kuona faida ambayo sikuifikiria: Kifungu cha 30 kinamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ikiwa imevunja Mkataba. Mlango huo uko wazi kwa Msomali sasa, kama ulivyo kwangu. Kwa hiyo labda kuingia ndiko mwanzo wa mtihani, na tunaufanya sote.

Tukikutana siku hizi, mimi humuuliza habari za kura ya mama yake. Naye huniuliza kama wangu ameshaacha kuogopa mwaka wa uchaguzi. Bado.