Kwani Ameuliza?

Nilikuwa nimeshapata mnunuzi wa Peugeot 504 ya marehemu baba. Kijana wa Nakuru, mgonjwa wa magari ya zamani. Alijua kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Alikagua bodi, akasikiliza injini, akaiendesha mtaani kidogo, akaridhika. Tukapatana bei. Angekuja kuichukua Jumamosi.

Kuna kitu nilikijua ambacho yeye hakukijua. Ukisimama kwenye taa na kushikilia breki, pedali inazama polepole, kama unakanyaga tope. Ukiikanyaga tena haraka mara mbili, inarudi juu. Chini ya gari hakuna hata tone, na kikopo cha mafuta ya breki kimejaa. Ugonjwa uko ndani ya masta silinda: rabba zinazosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu zimechoka, mafuta yanapenya na kurudi nyuma. Inavuja kwa ndani, mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona.

Nilipomwambia binamu yangu, alicheka. "Bro, kwani ameuliza?"

Hakuuliza, ni kweli. Wala sikuwa nimesema uongo wowote. Sokoni sote tumelelewa hivyo: fungua macho yako. Ukiuziwa nyanya zilizooza chini ya debe, shauri yako. Mbona breki ziwe tofauti?

Nililala na swali hilo siku mbili. Nyanya mbovu hasara yake ni ya aliyenunua. Lakini huyu kijana angeteremka Mai Mahiu, malori mbele yake na mengine nyuma. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara hakuwepo tukipatana bei. Mtoto anayevuka kwenda shule hakukagua gari. Kunyamaza kwangu kungewauzia hatari ambayo hawakuitaka, na pesa ningekula mimi.

Nikaipeleka Kirinyaga Road. Mzee mmoja fundi aliifungua ile silinda, akanionyesha ndani kwa tochi.

"Kijana, rabba mpya tunaweza weka. Lakini ona hii kutu. Itazikata." Akanitazama. "Zitashika mpaka uuze."

Hakuongeza neno. Nikanunua silinda nzima, na rent ya mwezi huo ikachelewa.

Baada ya kuifunga tukatoa hewa. Mimi ndani ya gari, yeye amelala kando ya gurudumu. "Kanyaga! Shikilia!" Analegeza skrubu, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. Ukiinua mguu kabla hajafunga, hewa inaingia tena na mnaanza upya. Mguu wangu hakuuona. Alichokuwa nacho ni neno langu tu: "Nimeshika, mzee." Nikafikiria yule kijana wa Nakuru, ambaye naye alikuwa na neno langu tu, na mimi nilikuwa nimemnyima.

Ijumaa jioni pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Ningeweza kunyamaza sasa, gari ni zima. Lakini nilimpigia, nikamweleza yote, hata kwamba nilijua tangu siku ile ya kwanza.

Kimya. Halafu akasema, "Sawa. Na nini kingine hujaniambia?"

Iliniuma, lakini alikuwa na haki ya kuuliza.

"Waipa ya kushoto inakwama," nikaanza. "Mlango wa nyuma maji yanaingia mvua ikinyesha. Halafu, kuhusu gia ya pili..."