Mfungaji Anapokataa Kikombe cha Sukari

Alasiri ya Ramadhani, mzee mwenye kisukari anaanza kutoka jasho, mikono inamtetemeka, maneno yanamchanganyika. Mwanawe anamletea maji ya sukari. Mzee anakisukuma kikombe: amefunga, na magharibi haiko mbali. Je, mwana amheshimu baba kwa kumwacha, au kwa kumnywesha?

Hatari ni ya kweli. Insulini iliyochomwa wakati wa daku, au kidonge cha glibenklamidi kinacholihimiza kongosho kuitoa, huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Utafiti wa EPIDIAR wa mwaka 2001, uliohusisha watu zaidi ya 12,000 katika nchi 13, ulionyesha kuwa katika Ramadhani sukari kushuka hadi mtu kulazwa hospitalini kuliongezeka takriban mara 5 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wa aina ya pili. Ndiyo maana wataalamu huagiza mfungaji afungue papo hapo sukari inaposhuka chini ya 70 mg/dL, yaani 3.9 mmol/L, hata kama adhana imekaribia.

Dini nayo haikumfungia mlango. Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na 185, inamruhusu mgonjwa ale na azilipe siku hizo baadaye. Asiyetarajia kupona hulisha maskini. Hata hivyo wengi hufunga, kwa kuipenda ibada na kwa kuona haya kula mchana.

Ugumu uko kwenye kule kukataa. Ubongo huishi kwa sukari, na ikipungua mno mtu huwa mkali, hupotewa na fikra, huonekana kama mlevi. Sheria ya Kiislamu humbebesha wajibu mwenye akili timamu. Basi mzee anayesukuma kikombe katika hali hiyo hasemi kwa imani yake. Ni ugonjwa unaosema. Nia yake aliiweka usiku, akili ikiwa kamili, amtii Mola ambaye katika Sura ya an-Nisaa, aya ya 29, amekataza watu kujiua. Anayemnywesha anaisimamia nia ile.

Kama anaweza kumeza, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari: vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, au soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe tena, arudiwe ikibidi, kisha ale chakula. Akiwa amezimia au ana degedege, asitiwe chochote kinywani, kwani kitampalia. Alazwe ubavu, achomwe glukagoni kama ipo na yupo anayejua kuichoma, akimbizwe hospitali.

Mazungumzo kuhusu mambo haya yafanywe mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, daktari akiulizwa kuhusu dozi na shehe kuhusu ruhusa. Hapo mgonjwa mwenyewe awaambie watu wa nyumbani, kwa kinywa chake, kwamba siku akiikataa sukari huku anatetemeka, wamnyweshe.