Talaka Haivunji Uzazi

Ewe msomaji, tuseme unakaa Hadado, katika Wajir Magharibi. Wazazi wako wameachana. Mama amerudi kwa ndugu zake mjini Wajir. Baba yuko malishoni na ngamia wake. Nawe umeachwa kwa nyanya yako ili usome. Siku moja baba anakuja, anakuuliza, "Mama yako anasemaje juu yangu?" Utajibu nini? Ukisema kweli, umemsaliti mama. Ukisema uongo, umemdanganya baba. Ukinyamaza, utaitwa mkaidi.

Basi tujiulize: ni kuachana kunakomwumiza mtoto, au ni namna wakubwa wanavyoachana?

Hapana shaka kuachana kwenyewe kuna uchungu. Mtoto mdogo huweza kudhani kwamba yeye ndiye aliyekosa. Aliye mkubwa huona haya mbele ya wenzake, akajitenga nao au akawa mgomvi. Lakini nyumba ambayo kila usiku ni matusi nayo humtesa mtoto, ijapokuwa wazazi hawajaachana. Kosa kubwa, basi, ni kumfanya mtoto kuwa mjumbe, shahidi au fimbo ya kumpigia mwenzio. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Dini ya Kiislamu imeruhusu talaka; lakini Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 233, yakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe, na baba vilevile. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema wajibu wa kumlea mtoto ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana.

Huenda mtu akasema, "Mtoto ni wa ukoo wa baba." Ni kweli kwamba Wasomali huhesabu nasaba kwa upande wa baba. Lakini nasaba haimlishi mtoto, wala haimfariji alalapo akilia. Kadhi aweza kuthibitisha talaka. Hawezi kumfanya mama asiwe mama.

Nawe ukiulizwa swali lile, jibu kwa adabu: "Baba, nakupenda, na mama nampenda. Naomba muulizane wenyewe." Hilo si ukaidi. Na ikiwa aliyeachwa hivyo ni mwenzako wa darasani, usimcheke. Keti naye.